Barabara ya Sifuri

Bando la mia tano huisha saa nne usiku,
kwa hiyo nasoma mbio, kama mtu anayekunywa chai ya moto
huku basi likimpigia honi.
Ninachokipata nakinakili kwenye daftari la kurasa themanini,
mistari na mabano yake, kwa kalamu ya bluu,
na penye kosa, nyekundu ya kuazima.

Kompyuta sina. Nina simu yenye ufa
unaokata herufi katikati,
na saa moja kila jioni kwa Mhina wa steshenari,
wateja wa fotokopi wakishaondoka:
namfagilia duka, ananiachia kibodi.
"Printa usiguse," anasema. "Wino una bei."

Somo la kwanza lilinichekesha.
Hapa Ngamiani barabara zinahesabiwa:
ya kwanza, ya pili, sisi tunakaa ya kumi na tatu,
na hata mlevi hajawahi kupotea.
Lugha hii inaanza kuhesabu na sifuri.
Sifuri! Nikalala nikiitafuta.
Labda ni ile reli,
nyasi zimeota katikati ya vyuma,
mahali ambapo mtaani hujafika bado
na tayari umeshahesabiwa.

Somo la pili halikunichekesha.
Mimi mtu wa Tanga, nimezoea kuwasahihisha wageni:
si "kiti yangu", ndugu, ni "kiti changu",
lakini kiti nakupa, ukae.
Hii haikupi kiti.
Nilisahau nukta pacha mwisho wa mstari wa nne
ikanitolea wekundu skrini nzima,
kana kwamba nimeitukania ukoo.
Siku tatu namtafuta mdudu huyo.
Nilimkuta daftarini, si kwenye mashine:
tone la mafuta ya vitumbua
lilikuwa limezimeza nukta zote mbili,
nami nikalinakili pengo lake kwa uaminifu.

Mama mwenye nyumba akigonga huuliza, "Kodi?"
Namjibu ndiyo hii ninaiandika.
Hacheki.

Mwezi wa tano nikachukua kitabu cha madeni cha mama,
kile kinachofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli,
nikakiingiza chote kwa Mhina, jina kwa jina:
Mwantumu, vitumbua sita. Fundi Hozza, kumi na chai,
na chai nyingine, na nyingine.
Kama deni limezidi elfu kumi, andika jina.
Jibu likaja kabla sijapepesa.
Jina moja.
Langu.

Kumbe kila mia tano niliyoitoa kwenye kopo
mama aliiandika, na tarehe, na neno moja: masomo.
Mara tisini na tatu.
Elfu arobaini na sita na mia tano,
na mimi ndiye niliyeyachapa yote yale kwa vidole vyangu
nikiwaza mabano, nisisome.

Nilimpelekea kwenye karatasi. Ndiyo, niligusa printa,
Mhina nitamfagilia hadi Jumamosi.
Mama aliisoma kwa mwanga wa jiko, mwiko mkononi,
akauliza kama mashine inajua kusahau.
Nikamwambia inajua, ni mstari mmoja tu.
"Basi huo," akasema, "usijifunze kwanza,"
akageuza kitumbua.