Kiambishi

Alhamisi, saa kumi jioni, na Dundee kumeshaingia giza.
Tumekaa wanne juu ya duka la miwani,
kwenye viti visivyofanana.
Bi Catriona ametuwekea boksi la tishu;
baba amelisukuma kwa kidole, kama deni la mtu mwingine.

"Leo," anasema mshauri, "kila mmoja aanze na mimi.
Wewe mwacheni mlangoni pamoja na miavuli."

Mkalimani ni mimi. Dada mtu pia ni mimi.

Mama anaanza:
Umeniibia. Umenidanganya.
Umeniaibisha mbele za watu.

Nasita. Nitamwelezaje Mskoti huyu
kwamba kwetu hao wawili wanaishi ndani ya neno moja,
*u* ametangulia,
*ni* yuko nyuma, kamshika shati, hamwachii?

Khelef anatazama viatu vyake.
Siku kumi na tisa bila unga,
na mikono bado haijapata pa kukaa.

"Ajaribu tena."

Basi linapita chini, vioo vinatetemeka.

Nalala na pochi ndani ya foronya, anasema mama.
Nahesabu vijiko kabla ya kuswali.
Usiku nasimama nje ya chumba chako
nisikie kama unapumua.

Hili silitafsiri mara moja.

Khelef anavuta lile boksi,
anampitishia baba.
Baba anakohoa.

"Nilikuwa nikimpa hela," anasema. "Mimi."

Mama anageuka, taratibu, kiti kinalia.
Bi Catriona ananitazama,
kalamu juu,
anangoja Kiingereza.