Ile Aliyoisahau Arvil

Ile ya zamani ilivunjika shingo mwezi wa tatu,
ngazi za kanisa la Laurel Fork zilipovaa barafu.
Mimi nikaanguka upande huu, yenyewe upande ule,
na watu, Mungu awasamehe, wakakimbilia besi kwanza.
Sikuwalaumu. Hata mimi, chali juu ya theluji,
swali langu la kwanza lilikuwa: imepona?

Basi Jumamosi hii nipo milimani Virginia, kwa Hobert Quesenberry,
ndani ya ghala lililokuwa la kukaushia tumbaku.
Mihimili bado inanuka majani makavu
na jasho la watu waliozikwa zamani.
Besi tano zimelala ubavu sakafuni
kama ng'ombe waliokwisha kukamuliwa.
Nina dola elfu mbili na mia nne kwenye bahasha,
na bega la kulia lililochakazwa na shuka za hospitali,
miaka ishirini na sita ya kukunja, kukunja, kukunja.

Hobert haulizi nina kiasi gani. Anauliza:
"Mnapigia wapi?"
Namwambia: uwanja wa zimamoto, chini ya turubai,
maonyesho ya mahindi, barazani kwa shangazi Ocie,
Agosti ya jasho, Oktoba ya ukungu,
na mara moja nyuma ya lori, likienda.
Anatikisa kichwa kama daktari aliyesikia kikohozi.

Ya kwanza ni ya Romania. Mbao nzima,
kifua kimechongwa kwa patasi, mgongo una mawimbi.
Nikavuta uzi mnene.
Sauti ikatoka, ikaketi, ikaagiza chai,
ikakataa kuondoka.
Sitasema uongo: niliipenda hadi nikaona haya.
"Hiyo ikionja Agosti inapasuka," alisema Hobert.
"Ni ya kumbi zenye mazulia.
Na bei yake ni bahasha mbili kama hiyo yako."

Ya pili mpya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Nyuzi zimekaa juu mno; kidole cha shahada kikalalamika.
Ya tatu tuiache.

Ya nne ni plaiwudi, ya Chicago, imenizidi umri.
Ubavuni ina kiraka kikubwa kama sahani,
na mgongoni mtu alichonga kwa kisu WANDA,
kisha akajaribu kulikwangua.
(Kisa hicho Hobert anakijua. Hasemi.)
Nikavuta uzi: du.
Basi. Neno moja, mlango ukafungwa.

Arvil alikuja kwa ajili ya kubeba tu,
na kwa biskuti za mke wa Hobert.
"Toa banjo," nikamwambia. "Simama kule mlangoni,
nipe kitu cha mbio, na usinitazame."

Nikaanza na ya Romania. Moja, tatu. Moja, tatu.
Hata ubeti haujaisha, akageuka mdomo wazi,
vidole vimepotea njia:
"Loo! Sauti gani hiyo?"
Akasimama kusikiliza, muziki ukafa mikononi mwake.

Nikainua ya Wanda. Moja. Tatu.
Arvil akaenda.
Akaenda kama maji ya bwawa lililofunguliwa,
akainamisha kichwa, akacheka peke yake,
akakirukia kile kipande cha juu
anachokikwepa tangu apasuliwe kiganja,
akakipita bila kujikwaa.
Alipomaliza, akajifuta makombo na jasho, akauliza:
"Haya, na hiyo nyingine utaijaribu lini?"

Hobert akanitazama. Nikamtazama Hobert.
Nani huisifu sakafu katikati ya dansi?
Mkono ulikwisha kuingia kwenye bahasha.

Tukailaza garini, shingo katikati ya viti,
kichwa chake kimeegemea redio.
Arvil akajikunja nyuma, banjo magotini,
akinung'unika kwamba ametekwa na kabati.
Kila shimo la barabara, besi ilisema du,
na goti la Arvil, bila yeye kujua,
likajibu.