Kipimo cha Udongo

Pembeni mwa Lindsborg, Kansas, mwezi wa nane,
Bwana Elof Nyquist ananionyesha mahindi yake
na alizeti-mwitu zilizojiingiza kama wageni wasiojua hodi.
"Zinachagua," anasema. Mimi nina koleo.

Nachimba bondeni: udongo wa mfinyanzi,
mweusi, unang'ang'ania buti, unanuka yai viza.
Hakuna hata ua moja.
Nachimba kwenye nyasi za tangu, zisizowahi kuonja jembe:
mizizi imesukana kama ukili.
Mbegu ingepenyea wapi?

Kisha ukingoni, trekta linapogeukia,
na pale bomba la gesi lilipofukiwa juzijuzi:
kichanga, tifutifu,
ardhi iliyopinduliwa tumbo juu ikasahauliwa hivyo.
Hapo zimesimama, zimenipita kimo,
mashina yana malaika makali,
nikipita yanashika mkono wa shati.

Naandika daftarini: kina, unyevu, chumvi.
Kwenye safu ya maelezo naandika *jeraha*,
nafuta, naandika *udongo uliovurugwa*.

Bwana Nyquist anauliza anunue dawa gani.
Namwambia: kwanza acheni kuufukua huu ukingo.
Anacheka hadi anakohoa.
Jumatatu wanakuja kuzika bomba la pili.