Mikono Ina Hina

Jumatatu hadi Jumatatu simu hii ni yangu.
Nyeusi, ya vibonyezo, kioo kimepasuka pembeni.
Faki alinikabidhi na chaja yake na kicheko:
"Haya dada, zamu yako. Mie nakwenda kulala."

Tangu hapo nalala upande mmoja tu,
sikio la kulia limekuwa mlinzi.
Pampu nne za mji wa Wete zimo kitandani mwangu,
na Shaame, miskini, kabaki ukingoni,
kishajifunza kutouliza "nani?" saa tisa za usiku.
Huvuta shuka, husema:
"Ya ngapi leo?"
"Ya tatu."
"Hiyo ndiyo inayotutaka shari."

Siku ya maulidi ya chuoni
Raiye alisoma kasida, safu ya pili mbele,
nami nje ya ukuta, naibembeleza pampu.
Njiani akaniuliza: "Uliniona nilipokosea?"
Nikamwambia, sikukuona ukikosea.
Kila neno lilikuwa kweli.

Kisha usiku wa hina wa Bikombo, mdogo wangu.
Nyumba ya Limbani imejaa hadi ngazini.
Nimemnyooshea Bi Mgeni mikono yote miwili,
hina mbichi mpaka kwenye viwiko.
"Usitikisike," asema, "ua hili lina watoto."
Na Faki kavuka Unguja kwa boti ya asubuhi.

Jikoni bomba likakohoa,
likatema hewa, likanyamaza.
Vitunguu vishaiva rangi, mchele unangoja.
Shangazi Sharifa akapaza sauti:
"Hawa watu wa maji Mungu anawaona!"
Wanawake arubaini wakanigeukia.
Na simu ikalia, kibindoni.

Nani aitoe?
Raiye akatia mkono kwenye kanga yangu
kama anayechomoa yai chini ya kuku.
Yuko darasa la kwanza, muhula wa pili,
herufi anazijua, ila b na d humgombanisha.

"Soma."
"Pa-m-pu ta-tu. I-me-zi-ma. Jo-to."
"Iache ipoe. Hesabu mpaka mia tatu."

Akahesabu kwa sauti, nyumba nzima ikahesabu naye.
Penye mia na themanini wakazozana,
wakarudi mia na sabini, wakaanza tena.
Miaka minane nazingoja dakika hizi tano
peke yangu, gizani, nikitazama dari.
Sikujua kuwa zina watu.

"Andika. W. A. S. H. A. Nafasi. Tatu."
Ulimi nje, kidole kinatafuta.
"Nitume?"
"Tuma."

Neno lake la kwanza nje ya daftari
likapita gizani mpaka kisimani Bopwe,
na chuma kikamtii.

Bomba likakohoa tena: kutu, kisha maji.
Vigelegele vikapanda, si vya bibi harusi,
na bibi harusi mwenyewe akapiga.
Bi Mgeni peke yake kanuna:
ua la gumba limevurugika.
Akataka kulifuta. Nikamwambia aliache.

Leo Jumapili, hina imeanza kufifia,
gumba linaonesha kitu mfano wa kaa aliyekanyagwa.
Kesho simu namrudishia Faki.
Raiye kachukua boksi la sabuni,
kalichora vibonyezo tisa na sufuri,
kalilaza chini ya mto wake.

Saa kumi alfajiri nasikia:
"Mama. Mama. Pampu ya tatu inavuja."
Naamka. Naenda.
Shuka imerowa, godoro limerowa,
naye kasimama kando, boksi sikioni,
ananisubiri nipokee.

Nilipopita na ndoo, Shaame akageuka:
"Ya ngapi?"
"Ya kwetu," nikamwambia. "Lala."