Kiossu

Binti yangu Zuwena ameunda lugha
kwenye daftari la hesabu, ghorofa ya nne, Dundee,
dirisha likitiririka.
Watu wake yeye huwaita Ossu, basi.
Waossu, Kiossu: viambishi nimevibandika mimi,
sijui kumtaja mtu bila kumvisha kitu.

Hawana jua.
Wana maneno kumi na tisa ya mvua:
ya ubavuni, ya waliosahau mwavuli,
na ile isiyoanguka, inayosimama tu hewani
kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.
Ngeli wanazo tatu:
vilivyolowa, vinavyokauka, vilivyopotea.
Glavu yake ya kushoto imo katika ya tatu.
Bibi yake wa Chake Chake, ambaye hajawahi kumwona,
amemweka katika ya pili.
Sikuuliza kwa nini.

Nilichouliza, nikivua viatu vya zamu ya usiku:
"Na shikamoo yao?"
"Hawana, mama. Wote sawa."
"Hata mtoto na mtu mzima?"
"Hata."
Nikaona hawa hawakufunzwa na mama zao,
na ulimwengu wa kuwafunza
ndio kwanza uko ukurasa wa sita.
Nikanywa uji uliopoa, nikalala
nimelikasirikia taifa zima lisilokuwapo.

Mwalimu Geddes alimwambia: anza na watu,
lugha itafuata.
Zuwena kafanya kinyume.
Alitunga neno la chumvi, ikabidi wapate bahari.
La deni, ikabidi pawe na duka,
na mwenye duka, na kinyongo chake.
Alipotunga neno la mpaka
alikaa kimya kitambo, kalamu mdomoni,
kisha akalifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka.
Tundu lipo. Unaona ukurasa wa pili kupitia hapo.

Alhamisi nilirudi saa mbili kasoro.
Daftari lilikuwa wazi karibu na birika,
mwandiko umeinama kwa haraka ya basi la shule:

*Teluma. Anayeingia nyumbani wengine wakiamka.
Ngeli ya kwanza.
Huyu husalimiwa kabla ya wote.*

Chini yake salamu yenyewe, silabi nne,
nikazisoma kwa sauti, vibaya bila shaka,
koti likinidondokea maji sakafuni.
Nikatafuta kiitikio. Nikageuza ukurasa: mweupe.
Hajakitunga bado.

Marahaba, nikasema,
kwa sasa.