Gae la Waridi

Mama alipaka dhahabu midomo ya vikombe
miaka thelathini na mmoja, mjini Selb,
mkono wa kushoto ukizungusha kigurudumu,
wa kulia na brashi nyembamba kama ukope,
pumzi amezibana mpaka duara lifunge.
Nyumbani tulinywea vilivyokataliwa:
chenye nukta, chenye mkono uliopinda.
Mfinyanzi hulia gaeni. Hatukuona haya.

Kisha bomba la moshi likanyamaza.
Mimi nikaajiriwa ng'ambo ya reli,
kwenye jengo lisilo na dirisha,
ambako udongo si udongo tena:
ni unga wa oksidi ya alumini,
umetiwa zirkonia usipasuke upesi,
na chembe za kromi, ambazo tanurini
huugeuza waridi. Si urembo. Ni kemia.

Tunaushindilia uwe mpira, tunauchoma
kwa digrii elfu moja mia tano na ushei,
nao unanywea kama mtu aliyeambiwa siri.
Kinachotoka hakijui kutu,
hakipitishi umeme, chuma hakikichubui;
almasi tu ndiyo hukisugua.
Kasoro yake ni ile ile ya kikombe:
hakipindi. Huvumilia, huvumilia,
halafu ghafla, vipande.

(Binamu yangu Korbinian, idara ya pili,
ana kauri ambayo ukiibana hutoa umeme,
ukiipa umeme hutetemeka,
na kwa mtetemo huo daktari humwona mtoto tumboni.
Hujigamba kila karamu.
Mimi nina mipira yangu.)

Februari mama aliteleza kwenye barafu
mbele ya duka la mikate. Nyonga.
Alipotoka hospitali alinipa kadi yenye namba:
"Huu ni wako?"
Tarakimu kumi. Novemba, zamu ya usiku.
Ulipita mikononi mwangu, au mwa Gerlinde.
Sikumwambia kwamba wiki ile nilikuwa na homa,
nikipima huku nasinzia.

Kadi ameiweka kabatini, kati ya vikombe vya kasoro.
"Nilipaka midomo ya watu nisiowajua," asema,
"nawe umenifinyangia mguu bila kujua."

Chungu hugongwa ili kisikilizwe:
kizima hulia, chenye ufa hukoroma.
Yeye nitamgongaje?
Akipanda ngazi jioni nazima redio.
Kwii, yasema nyonga, kwii,
na katikati ya ngazi anasimama, anacheka,
kisha anaendelea,
nami nahesabu zilizobaki.