Tundu la Juu Kwanza

Fundi Chipungu alisema oili ya difu ni ya maisha,
haibadilishwi, gari litakufa nayo.
Nikamuuliza: maisha ya nani?
Akafuta mikono, akageukia pikipiki ya mtu mwingine.

Basi Jumapili, nyuma ya nyumba hapa Mkuti, Masasi,
Foresta ya tabo imekaa juu ya vigoda vinne vya chuma, vya kuazima,
matairi yananing'inia kama miguu ya mtoto kitini,
na mimi, Somoe Mnali, mpima damu,
nimelala chali juu ya boksi la friji
nikiitazama kwa chini, upande ambao
mwenyewe wa kwanza hakuwahi kuuona.

Alikuwa mtu wa gesi. Alikuja na mkataba,
akaondoka na begi. Aliniachia kwa bei
ambayo hata leo naitaja kwa sauti ndogo.
Ina mbio za kutia aibu:
unagusa tu, Chikundi ipo nyuma yako.
Lakini kona za kupanda Newala ikaanza kuguna,
mguno wa mtu anayekataa bila kusema.

Kuchagua kulinichukua siku tatu.
Pale stendi ya mabasi muuzaji akaniambia: dada, oili ni oili.
Mimi nimeshika kundi O na kundi B
kwa mkono mmoja, zote nyekundu.
Najua kinachotokea ukisema damu ni damu.
Nikataka sabini na tano tisini, nzito, ya meno ya difu;
na ya giaboksi mbali nayo, nyekundu, nyepesi,
kopo lake, mpira wake, kitambaa chake.
Nikachungulia muhuri. Nikatikisa. Nikanusa.
Akaniuliza kama nataka na kuonja.

Kabla ya yote, tundu la juu kwanza.
Hili nimelijua kwa hasara ya jirani Akwilombe,
aliyefungua la chini, akamwaga yote, chap,
halafu nati ya juu ikagoma, ikalika kona.
Gari likakaa kavu hadi msimu wa korosho,
kuku wakataga chini yake.
Usimwage kabla hujajua utajazia wapi.
Niliwahi kummwaga mtu kwa haraka namna hiyo.
Tuyaache.

Ya juu ikagoma. Nikachomeka bomba la maji kwenye mpini,
Nasoro, mtoto wa Akwilombe, akaning'inia upande wa pili.
Kaa!
Nikadhani imekatika. Kumbe imekubali.

Ndipo ya chini.
Ikatoka nyeusi, bila haraka, inanuka yai viza.
Sumaku ya nati imeota ndevu za kijivu.
Nikazisugua kati ya vidole viwili, nikatafuta kipande:
hakuna. Kipande ni ugonjwa.
Uji ni umri.

Oili mpya niliianika juani tangu saa mbili ilegee.
Sindano ya mililita sitini,
kipande cha mpira wa levo kutoka kwa fundi mwashi,
na Nasoro anahesabu kwa sauti kama mnadani:
kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu,
na kidogo.
Tundu likatema uzi mwembamba, ukanifika kiwikoni.
Nikafunga. Difu ikishiba inasema;
tumbo langu halijawahi kunifanyia hivyo.

Mama Nandonde alishafika na ndoo,
anataka ile chafu apake nguzo za ghala, mchwa wamezidi.
Akaniangalia kuanzia nywele hadi kandambili.
"Kumbe na wewe huwa unachafuka."

Jioni tukapanda. Kona ya kwanza nikazima redio.
Ya pili nikafunga vioo.
Ya tatu Nasoro akaguna, nikamkanyagia breki,
kumbe anadai soda.

Mguno wenyewe upo, mdogo, kwa mbali.
Nimeandika kilomita nyuma ya kadi ya gari
kwa mwandiko wangu wa kazini,
na chini yake, kama ninavyomwandikia yeyote:
arudi tena.